Kutoa kinundu cha pua: nina miezi 14 sasa, haya ndo niliyoyaona

Nimesubiri makusudi kuandika hii kitu. Wengi wanaandika siku ya saba wakitolewa plasta, mwingine analia kwa furaha mwingine kwa majuto, alafu hawarudi tena kusema iliishaje, na pua ya siku ya saba sio pua utakayoishi nayo. Mimi saivi nina mwezi wa 14 tangu nifanyiwe oparesheni ya kutoa kinundu kwenye mwamba wa pua, kwaiyo naongelea kitu ambacho kimeshatulia. Kliniki siitaji jina maana kuna mazuri na kuna mabaya, na yale mabaya nishawaandikia wenyewe moja kwa moja. Nyota nawapa 4 kati ya 5. Daktari peke yake 5, huduma baada ya kutoka chumba cha upasuaji 3.

Pua yangu ilikuwaje. Ukinitazama usoni huoni kitu, ukinitazama kwa ubavu ndo unaona inashuka kutoka katikati ya macho, inazama kidogo, inapanda ghafla kama kiungo cha kidole kilichokunjwa, alafu inashuka tena mpaka kwenye ncha. Nikicheka ncha inavutwa chini na kinundu kinaonekana mara mbili ya ukubwa wake. Sikuwahi kuanguka wala kupigwa. Baba anacho, shangazi anacho, babu kwenye ile picha yake ya zamani anacho. Utotoni sikuwa nacho, kilikuja nikiwa na miaka 13 au 14 hivi, na kumbe ndo kawaida, pua inakua sana wakati wa balehe na hapo ndo inachukua umbo la ukoo. Ndo maana daktari makini hamkimbilii mtoto kwa kisu, anasubiri pua imalize kukua, wasichana kwenye miaka 15 au 16 na wavulana 17 au 18. Wapo ambao chao kimetokana na kuumia, mpira umempiga, mfupa ukavunjika ukaunga vibaya, na hao mara nyingi pua inakuwa imepinda pia, yaani ni kazi nyingine kabisa.

Sikuwa naichukia pua yangu, nataka hilo lieleweke. Nilikuwa nimechoka kugeuza uso kila mtu akitoa simu kupiga picha, na upande wa kushoto nilikuwa sipumui vizuri, usiku nalala mdomo wazi naamka koo limekauka. Hayo mawili nilikuwa nadhani hayahusiani. Yanahusiana sana, ntafika huko.

Na kabla hujaanza kuhangaika na pua yako kwasababu ya selfi ngoja nikwambie kitu daktari alinionyesha. Simu ukiishika karibu na uso inaidanganya pua. Kuna utafiti wa mwaka 2018 ulipiga mahesabu, picha ikipigwa kutoka kama sentimita 30 pua inaonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Kwaiyo mpe mtu simu arudi nyuma akupige ukiwa umesimama, ubavu wa kulia, wa kushoto, umecheka, hujacheka, alafu ndo uangalie. Mimi nilivyofanya hivyo kinundu kilikuwa bado kipo ila ule upana niliokuwa naulalamikia haukuwepo kabisa. Ningeenda kwa selfi ningeomba kufanyiwa vitu viwili badala ya kimoja.

Daktari wa kwanza niliyeenda kumuona alinipa dakika kumi. Aliniangalia akiwa amekaa kwenye kiti chake, akasema hiki tunakipiga tupa tu, chini ya saa moja umemaliza, siku mbili tatu uko kazini. Hakunitazama ndani ya pua. Hakuuliza napumuaje. Sikuwa najua chochote wakati huo lakini nilitoka na wasiwasi ambao sikuweza kuueleza, nikakaa miezi minne sijaenda popote.

Wa pili alitumia karibu saa nzima na nusu yake hakuongelea urembo. Aliwasha kitaa akaniingizia kifaa cha kupanua tundu akaangalia kulia na kushoto, akaniambia nivute hewa kwa nguvu huku anaangalia kama kuta za pua zinaingia ndani, akaniziba tundu moja moja, akanibonyeza kutoka juu mpaka kwenye ncha kwa vidole taratibu kama fundi anayekagua ukuta. Alafu akachukua karatasi akachora. Akasema, "Wewe unaona kuna kitu kimekaa juu ya pua yako nikukatie. Hakuna kitu kimekaa juu. Hilo ndo paa lenyewe. Nikilitoa lazima nijenge lingine."

Hilo neno paa ndo lilinifungua macho na kwangu mimi ndo jambo kubwa kuliko yote ntakayoandika hapa. Ipo hivi, thuluthi ya juu ya pua ni mifupa miwili inayoegemeana kama mabati ya paa. Thuluthi ya kati ni magegedu, ile kitu ngumu inayopinda kama ya sikioni, mawili mapana yaliyoshikana na ule ukuta wa katikati unaogawanya matundu, septamu. Thuluthi ya chini ni magegedu ya ncha, malaini, hayo unaweza kuyachezesha kwa kidole. Kinundu kinakaa pale mifupa inapokutana na magegedu ya kati, na watu tunafikiri ni mfupa mtupu kwasababu ukigusa ni kigumu ila mara nyingi sehemu kubwa yake ni gegedu. Sasa ukipiga randa pale juu ukakisawazisha umeondoa kilele cha paa, unabaki na kuta mbili na septamu katikati na nafasi wazi. Kwa ubavu inapendeza, usoni pua inaonekana imetandazwa juu na ina mistari miwili kama reli. Madaktari wanaita paa wazi. Ndo maana baada ya kukipunguza wanakata mifupa ya pembeni kwa patasi ndogo sana ili waisogeze ndani ikutane tena. Yule wa kwanza hakutaja hata neno moja kuhusu hilo, labda angelifanya, sijui, lakini mimi ndo mwenye pua na sikuambiwa.

Na kule kwenye magegedu ya kati ndo kuna habari ya kupumua. Pembe iliyopo kati ya lile gegedu na septamu ndo mlango mwembamba kuliko sehemu nyingine yoyote njia ya hewa inapopita, kwenye pua nyembamba ni nyuzi 10 mpaka 15 tu. Ukikata yale magegedu pale yaliposhikana na septamu bila kuyajengea tena yanaanguka ndani, miaka inapita mtu anaanza kuona kivuli cha V iliyopinduliwa katikati ya pua na anapumua kwa shida kuliko alivyokuja. Dawa yake ni vipande vyembamba vya gegedu vinawekwa kila upande kama kabari kuushikilia ule mlango, daktari Jack Sheen wa Marekani ndo alieleza hiyo mwaka 1984, au gegedu lako lenyewe lililozidi urefu badala ya kukatwa linakunjwa kwa ndani likafanya kazi ileile ya kabari. Mimi nilifanyiwa hiyo ya kukunja.

Nilipomuuliza kwanini asikitoe chote pua ikanyooka kama rula alicheka kidogo akanishika juu ya pua akasema nisikie ngozi. Ngozi ya pua hailingani unene. Juu kabisa kati ya macho ni nene, kwenye ncha ni nene, pale kwenye kinundu ni nyembamba kuliko kote. Sasa ukinyoosha mfupa kama rula alafu ukaufunika na ngozi nene-nyembamba-nene unapata pua iliyobonyea kama tandiko la farasi. Ili ionekane imenyooka kwa nje lazima ndani ubakize mwinuko mdogo. Aisee mimi hapo nilikaa kimya. Nilikuwa nimekuja na picha za watu kwenye simu na sikuwa nimewahi kuwaza hata mara moja kuhusu ngozi.

Alafu akaniambia nusu ya kinundu changu sio kinundu. Lile bonde la kati ya macho kwangu lilikuwa chini sana, na bonde likiwa chini kilima hata kidogo kinaonekana kirefu. Upande mwingine ncha yangu ilikuwa inashuka kwahiyo inafanya katikati paonekane pamepanda. Akanionyesha kwenye kompyuta, akapandisha bonde kidogo tu bila kugusa kinundu, na mimi mwenyewe nikaona kinapungua. Mpango ukawa apunguze milimita 2 mpaka 3 tu, gegedu atakalolitoa kwenye septamu iliyopinda aliweke pale bondeni, na ncha aifungie isivutwe chini nikicheka. Yaani ningeenda kwa wa tupa angenitoa milimita tano hivi kutafuta mstari ulionyooka na ningebaki na pua ndogo isiyo na mgongo. Kuhusu ile picha ya kompyuta alirudia mara mbili kwamba ni lugha ya kuelewana, sio ahadi, na akanipa fomu nisaini kwamba nimeelewa hivyo.

Nilimuuliza pia kuhusu ile njia inayovuma saivi ya kuhifadhi mgongo wa pua, ambapo daktari hagusi kinundu kwa juu kabisa, anatoa kipande cha septamu chini yake na kulegeza mifupa ya pembeni, alafu pua nzima inashushwa chini kama unavyopunguza nguzo ili paa lishuke likiwa zima. Jina lake jipya lilianza kusambaa mwaka 2018 lakini wazo ni la zamani sana, daktari Goodale alishaandika 1899 na daktari Cottle akalieneza miaka ya 1950. Uzuri wake paa halifunguliwi kwahiyo hakuna la kujenga upya na mistari ya mgongo inabaki ile ya kuzaliwa nayo. Alisema anaifanya ila sio kwangu, bonde langu tayari liko chini na njia hiyo inaweza kulishusha zaidi. Nilimpenda kwa hilo, angeweza kunikubalia tu maana nilikuwa nimeikazania. Vifaa pia aligusia, kuna wanaotumia kifaa cha mawimbi ya sauti kinachokata mfupa bila kuchana nyama laini, kuna wanaotumia patasi na tupa za kawaida, akasema mkono ndo unafanya kazi, kifaa kinasaidia.

Kabla sijafika huko kote nilikuwa nimejaribu njia za pembeni na nitaziongelea kwa kifupi. Vile vibanio vya plastiki na mazoezi ya kusugua pua, acha, mfupa na gegedu la mtu mzima halinyooshwi kwa kubanwa, utapata wekundu tu. Sindano za kujaza, filla, hizo kweli zinaweza kukificha kinundu kwa kujaza juu yake na chini yake, ila pua inaongezeka ukubwa badala ya kupungua, zinayeyuka baada ya miezi kadhaa mpaka mwaka na zaidi kidogo, na kupumua hazisaidii. Na kuna hatari ambayo watu wanaichukulia poa, mishipa ya damu ya mgongo wa pua imeungana na mishipa ya jicho, dawa ikiingia ndani ya mshipa ngozi inaweza kufa na mtu anaweza kupofuka. Imeshatokea kwa watu. Kama unaenda filla ya pua nenda kwa daktari anayejua mishipa, atumie aina ya asidi ya hayaluroni na awe na dawa ya kuiyeyusha palepale mezani. Sio saluni. Naomba sana, sio saluni.

Siku yenyewe sasa. Wiki mbili kabla nilishaacha aspirini na dawa za maumivu za jamii ya aibuprofeni, vitamini E na vidonge vya mafuta ya samaki pia maana vinafanya damu iwe nyepesi, na sigara wanakataza kabisa, nikotini inabana mishipa kidonda hakipati damu. Niliingia asubuhi sijala wala kunywa, nikalazwa usingizi mzito wa dawa, alifungua kwa njia ya wazi yaani mkato mdogo kwenye kile kijiukuta kati ya matundu mawili kwa chini alafu ngozi inainuliwa juu. Wengine wanafanyiwa kwa ndani bila mkato wa nje. Yangu ilichukua kama saa tatu. Kovu saivi ni lazima nikuonyeshe ndo ulione.

Niliamka sina maumivu makali, hilo linashangaza wengi, ni uzito na kuziba kama mafua ya ajabu. Ndani alikuwa ameweka vibao laini vya kushikilia septamu kwahiyo siku zote hizo unapumua kwa mdomo, midomo inapasuka, kula unatafuna unasimama unapumua unatafuna tena. Siku ya pili na ya tatu ndo mbaya, macho yalivimba mpaka la kushoto lilikuwa halifunguki lote na chini yake pamekuwa zambarau. Barafu unaweka kwenye mashavu na macho sio juu ya pua, unalala umeinuka kwa mito mitatu, hutakiwi kuinama, hutakiwi kupenga, ukipiga chafya unapiga mdomo wazi. Rangi ile ilishuka ikawa manjano na kuondoka ndani ya wiki mbili.

Hapa ndo lalamiko langu la kwanza na kubwa. Usiku wa pili nilianza kutoka damu, sio ile ya kuchuruzika kidogo kwenye bandeji waliyonionya, ilikuwa inashuka kooni nikawa naimeza. Nilipewa namba ya dharura ya kupiga saa yoyote. Nilipiga mara sita. Haikupokelewa mpaka saa mbili asubuhi, na sista aliyepokea alikuwa mwema sana ila hakujua chochote kuhusu mimi, ikabidi nianze kumsimulia upya na koo linauma. Kwa bahati damu ilikuwa imekata yenyewe baada ya kukaa wima na kutulia kama dakika ishirini. Lakini zile dakika ishirini nilikuwa peke yangu na mdogo wangu ambaye hajui afanye nini na naye anatetemeka. Huwezi kumpa mtu namba ya dharura ambayo usiku haina mtu. Hilo kwangu halina maelezo, nyota nzima imeondoka hapo.

La pili, fomu ya ridhaa. Kurasa saba nimepewa asubuhi ya oparesheni nikiwa na njaa na gauni la hospitali, nasoma maneno kama kutoboka kwa septamu na kurudia upasuaji huku wananisubiri. Mengi daktari alishaniambia mdomoni, hakunificha, alisema wazi kwamba hata kwa mikono mizuri kuna wanaorudi kufanyiwa tena, takwimu zinazotajwa mara nyingi ni kati ya asilimia 5 na 15. Lakini karatasi ile ingetumwa wiki moja kabla nikaisoma nyumbani na baba pembeni.

La tatu ni miwani. Mimi navaa miwani tangu shule na hakuna aliyekumbuka kuniambia kwamba wiki nne mpaka sita haitakiwi kukaa juu ya pua, mifupa bado haijaunga, uzito mdogo tu unaacha shimo. Nimejua siku ya kutolewa plasta. Ikabidi tuibandike kwenye paji la uso kwa tepu, nikafanya kazi hivyo mwezi mzima. Kama unavaa miwani uliza mapema, jiandae na lensi za kuweka machoni.

Siku ya saba plasta ngumu ikatoka na hapa nataka niongee na wewe ambaye utafika siku hiyo. Nilijitazama kwenye kioo nikaona mtu mwingine. Ncha imepanda juu, juu pamekuwa papana, katikati pamevimba, nikicheka mdomo wa juu mgumu kama umegandishwa. Nililia garini njia nzima. Hakuna mtu kwenye kliniki aliniambia kabla kwamba siku hiyo wengi wanajuta, kwamba unaweza kukaa na huzuni kubwa wiki ya kwanza na ya pili hata kama kazi imeenda vizuri, ni dawa za usingizi, ni kukosa kulala, ni uso wako uliouzoea miaka yote kupotea ghafla. Daktari alinieleza nilipomrudia wiki ya tatu na alieleza kwa utulivu kabisa, ila ningeyasikia siku ya sita zile wiki mbili zisingekuwa vile. Nilikuwa najifungia chumbani nagusa pua nawaza nimeutupa uso wa baba.

Alafu taratibu uvimbe ukaanza kushuka. Mwezi wa kwanza watu wasiojua walikuwa hawashtuki tena. Mwezi wa tatu mgongo wa pua ukatulia kwa ubavu, ncha ikashuka pale inapotakiwa. Ncha ndo ya mwisho kila siku, asubuhi imevimba jioni imepungua, na ngozi yake ilikuwa na ganzi miezi minne hivi maana ule mshipa wa hisia unaopita mgongoni mwa pua unaguswa. Juu kidogo ya ncha pakabaki pamejaa mpaka nikaogopa ile wanayoita mdomo wa kasuku, daktari akanionyesha namna ya kubandika tepu usiku na akasema tusubiri kabla hatujafikiria sindano ya kupunguza uvimbe. Mwezi wa saba pakashuka penyewe. Kwahiyo anayekwambia matokeo unayaona wiki ya pili anakuongopea, hesabu mwaka, na kama ngozi yako ni nene hesabu zaidi ya mwaka.

Saivi nina nini. Kwa ubavu mstari umenyooka na kuna kamwinuko kadogo sana pale palipokuwa na kinundu, kile alichokibakiza makusudi, na ukinigusa kwa kidole upande wa kulia unasikia ukingo wa mfupa kama punje. Hauonekani, nausikia nikiosha uso tu. Nikicheka ncha haidondoki. Na tundu la kushoto, jamani, sikuwa najua watu wengine mnapumua hivi. Nalala mdomo umefungwa. Kama ningeambiwa nichague kimoja kati ya umbo na pumzi ningechagua pumzi bila kufikiri, na nashukuru sikulazimika kuchagua.

Nyumbani nilikuwa naogopa sana baba atasemaje, kwasababu kutoa pua ya ukoo ni kama kumwambia yake ni mbaya. Mwezi wa pili hivi alinitazama muda mrefu tukiwa tumekaa, akasema, "Bado unafanana na mama yangu." Kumbe bibi yangu hakuwa na kinundu, kilitoka kwa babu. Tulikaa tukaangalia zile picha za zamani jioni nzima.

Kama unaenda kumuona daktari kwa kinundu, mimi ningesikiliza kwanza kama anakagua ndani ya pua na kuuliza unapumuaje kabla ya kuongelea umbo. Muulize paa atalifungaje. Muulize ule mlango wa hewa ataushikilia na nini, bonde la kati ya macho analionaje, na ikihitaji kurekebishwa tena nani anabeba gharama. Muombe picha za watu wake za mwaka mmoja baadaye, sio za wiki ya tatu, na za usoni pia sio za ubavu tu, kwasababu ubavu karibu kila mtu anaupatia, usoni ndo panaonyesha fundi. Akikuuliza kwa undani kwanini unataka usikasirike, anatakiwa kuuliza, wapo watu ambao pua haina shida na mateso yao yako kwingine na kisu kinawaumiza zaidi, daktari wa kweli anawakatalia. Na hii kazi haikuanza jana, daktari John Roe alikuwa anafanya kwa ndani ya pua kule Marekani kabla ya 1900 na Jacques Joseph wa Berlin alianza 1898 na kijana mmoja aliyekuwa anaona aibu kutoka nje kwasababu ya pua yake. Zaidi ya miaka mia moja, kwahiyo anayekwambia ni jambo la kupiga tupa tu kisha uende kazini hana kisingizio cha kutojua.

Ile barua yangu kuhusu simu ya usiku niliipeleka mwezi wa pili, nikaikumbushia mwezi wa tisa. Wamebadilisha utaratibu wa fomu ya ridhaa, saivi inatumwa kabla, mtu niliyemuelekeza kule amenithibitishia. Kuhusu simu hawajanijibu. Wakijibu ntakuja kuongeza hapa hapa.